Salamu ya Sabini

Mama Nesi,

Shikamoo.

Mzee Maganga alianguka kwenye arobaini yako, na sisi sote tukacheka. Nimeona nianze na hilo kabisa, maana nikianza na habari za mvua na mahindi nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe hukumpenda mtu anayezunguka. "Sema panapouma," ulikuwa ukiwaambia akina mama wa kliniki waliokuja na hadithi ndefu. Basi mimi panaponiuma ni hapo. Mtu alikuwa chini, mgonjwa wako, nasi tunacheka.

Ngoja nikueleze vizuri, usije ukadhani tumeota roho mbaya tangu ulipotuacha.

Siku ya mazishi yako Mzee Maganga, mtani wako, hakukubali uende hivi hivi. Alikuja amevaa kofia yako nyeupe ya unesi, sijui nani alimpa, na aproni yako ameifunga juu ya lile koti lake la reli. Akawa anapita katikati ya waombolezaji anawashika watu mikono, anakunja uso kama wewe, halafu anatangaza kwa sauti yako ileile ya puani: "Sabini! Nenda kalime! Wewe, thelathini! Mvivu!" Alimshika padri. Alimshika mwenyekiti wa kijiji, akasema huyu hana mapigo kabisa, alikwisha kufa tangu mkutano uliopita. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mnyamwezi akimzika mtani wake Msagara ndivyo anavyotakiwa kufanya. Asingefanya, tungesema hakukupenda. Aliingia hata kaburini akajilaza, akadai hapo ni pake, wewe utafutiwe pengine, na hakutoka mpaka ndugu zako walipomletea jogoo. Nilimwona anavyojivuta kutoka shimoni kwa mikono miwili, haraka haraka, nikasema moyoni, jamani, huyu mzee na kifua chake. Lakini alisimama sawa, akajipangusa udongo, akakaa pembeni akalia.

Kwa hiyo ilipofika arobaini watu walikuwa wanamngoja yeye. Wengine walitoka kijiji cha Ulaya, wengine Kilangali, na si wote waliokujua. Walikuwa wamesikia habari za mtani. Alikuja na filimbi yake ya reli, akaipuliza mlangoni, akatangaza kwamba abiria Tekla amesahau tiketi, arudi mara moja. Alipofika mbele ya mkeka walipokaa ndugu zako akainua mkono kama mtu anayetaka kusema jambo. Macho yakamgeuka. Akaanguka chali.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mtu mmoja akapiga kelele, "Leo kafa kweli, mleteeni jogoo mwingine!" Nami nilicheka, Mama Nesi. Nilikuwa nimebeba sinia la wali.

Kilichonishtua ni kofia yake. Ilimtoka kichwani ikabiringika mpaka kwenye majivu ya jikoni, naye hakuinyooshea mkono. Wewe unamjua na kofia ile ya reli. Ikidondoka huwa anaidaka kabla haijagusa chini. Sijui sinia nililiweka wapi. Nilipomfikia alikuwa ameanza kufumbua macho, na watu bado wanacheka. "Mzee, sabini?" nikamuuliza, maana ndivyo tulivyozoea. "Sabini, mwanangu," akaniitikia, na midomo yake imekuwa rangi ya majivu yale yale. Nikamshika kifundo cha mkono nikahesabu. Sitini na mbili.

Nikahesabu tena, kwa sababu unanijua. Sitini na mbili.

Sasa nitakuandikia mambo unayoyajua kuliko mimi, univumilie, kuyaandika kunanituliza. Nakukumbuka unavyonisimulia tukikunja bandeji zilizofuliwa. Mzee Maganga alikuwa fundi wa njia ya reli, na moyo wake ulianza kusita: anakwenda vizuri, mara kimya, mara yuko chini na nyundo mkononi. Shirika likampeleka Nairobi, nawe ukatolewa hospitali ya Kilosa umsindikize. Huko wakamtia kimashine, ukubwa wake kama kibati cha kiwi ya viatu, chini ya ngozi karibu na mtulinga, chenye waya unaoingia mpaka ndani ya moyo. Moyo ukisahau, chenyewe kinaukumbusha. Mara sabini kila dakika, awe amelala, awe anakula, awe anagombana na mke wake.

Ulikaa naye wodini wiki nzima, na nesi mmoja wa kule alikufundisha bila kuona uvivu. Shika mkono kila siku, dakika nzima, usikisie. Angalia kovu kama limevimba au limekuwa jekundu. Uliza kizunguzungu. Uliza kwikwi, maana waya ukisogea mtu anaweza kushikwa na kwikwi isiyokoma. Na kubwa kuliko yote: kimashine kinakula betri, na betri ni ya miaka miwili, mitatu, ikijitahidi sana. Ikianza kuchoka haisemi, inapunguza tu hesabu. "Zikipungua tano, usingoje kesho, mrudishe Nairobi." Uliniambia maneno hayo mara nyingi mpaka nikawa nayaota.

Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na Nairobi ikawa mbali kama mwezini. Mzee akastaafu, yeye na mkewe wakahamishiwa kijijini Zombo pamoja na sisi wote, kwenye nyumba zilizopangwa kwa kamba. Wewe ukaomba uletwe zahanati yetu, na hukumwambia mtu sababu. Mimi najua. Ulimfuata mgonjwa wako. Tukawa na zahanati yenye klorokwini, dawa ya kuhara, mkasi wa kukatia vitovu, na mtu mmoja mwenye mashine ya moyo.

Watu walikuja kukuuliza maswali, nami nikiwa msaidizi mgeni nilisikiliza kwa hofu kuliko wao. Mwenyekiti alitaka kujua kama kinashika redio. Vijana waliomba kuweka sikio. Bi Nyamizi, mkewe, hakulala naye kitanda kimoja, aliogopa mashine itavuta radi. Na siku moja alikufuata nyuma ya zahanati, akakuuliza kwa sauti ndogo lile swali lililokuwa linamla: mume wake akifa, mashine si itaendelea? Atajuaje kwamba amekufa? Asije akamzika mtu ambaye bado anapiga. Hukumcheka. Ulimketisha juu ya ndoo, ukamwambia mashine inabisha hodi tu, anayefungua ni moyo wenyewe, na mwenye nyumba akiondoka hodi haifungui mlango. Usiku ule alirudi kitandani kwake. Niliona siku ile kwamba kazi yetu kwa mzee yule ilikuwa nusu mkononi na nusu kwenye maneno, na nikaogopa kwamba sehemu ya maneno sitaiweza kamwe.

Salamu ile uliianzisha wewe. Simaanishi kukulaumu. Au namaanisha kidogo, nitakuja huko. Kila asubuhi mzee akielekea shamba la ushirika alipita zahanati, ukamshika mkono, ukahesabu dakika yako nzima, kisha ukatangaza kijiji kisikie, "Sabini! Bado anafaa kubeba mizigo, mpakieni!" Naye akakujibu, "Na wewe Msagara, hata arobaini hufikishi, umejaa viazi." Watu wakaipenda. Watoto wakaanza: "Shikamoo babu, sabini?" "Marahaba, sabini!" Akina mama kisimani wakawa wanaulizana sabini, wakimaanisha umeamkaje. Balozi wetu wa nyumba kumi alifungulia mkutano nayo. Ulifurahi sana. Ulisema kijiji kizima sasa kinamlinda.

Kisha ikaja homa iliyokuchukua kwa wiki moja tu, na mimi nikabaki na funguo.

Nilihofia kila kitu, Mama Nesi. Ulikuwa ukisema wasiwasi utaniua kabla ya malaria. Nilihofia sindano hazijachemka sawasawa, nilihofia taa, nilihofia mama wa mapacha, nilihofia nyoka wa chooni. Mzee Maganga peke yake sikumhofia, kwa sababu kila asubuhi alipita nikiwa nimezungukwa na watoto wenye homa, nikamuuliza kwa mbali, "Sabini?" naye akanijibu kwa sauti nzuri, "Sabini!" Na mkewe nilikwisha mkabidhi kazi ya kumhesabu kwa ile saa yake ya mnyororo ya reli. Nikimuuliza kisimani, naye alinijibu sabini.

Siku ile ya arobaini, mzee akiwa amelazwa ndani kwa shemeji yako, nilimvuta Bi Nyamizi kando. Nikamuuliza lini mara ya mwisho alimshika mkono akatazama saa. Alinishangaa. "Si mlisema iwe sabini? Basi mimi kila siku nasema sabini."

Hakuwa anadanganya. Aliulizwa salamu, akaitika salamu. Nani kati yetu anaulizwa hujambo akasema ngoja kwanza nijipime? Tunaletewa mtu juu ya kitanda cha kamba, amebebwa na wanaume wanne, nikimuuliza hali ananijibu nzuri, kisha ndipo anasema anakufa. Ndivyo tulivyolelewa. Ile hesabu uliyofundishwa Nairobi kwa dakika nzima, sisi tuliigeuza adabu. Tuliitikiana vizuri, kila mtu na tabasamu lake, na betri inakwisha.

Nilikukasirikia pale. Mungu anisamehe, nilisimama uani kwa ndugu zako, siku ya kukuombea, nikakukasirikia wewe na utani wako. Haikuchukua muda. Nilikuwa na kazi.

Ilikuwa masika. Barabara ya Kilosa imekatika sehemu mbili na gari la wilaya halikuonekana tangu mvua zianze. Mwenyekiti, yule yule aliyetangazwa kuwa amekufa, alitembea kwa miguu mpaka Kilangali, kwenye shamba la mbegu, akarudi amesimama juu ya trekta lenye tela. Sitamsema vibaya tena. Tukamlaza mzee juu ya magunia, Bi Nyamizi upande mmoja, mimi upande mwingine nimeshika mkono. Kila tela liliporuka shimoni nilipoteza hesabu nikaanza upya. Sikujua kama ninayoyasikia ni mapigo yake au yangu. Dereva alitukataza tusiimbe, nikatambua kwamba Bi Nyamizi alikuwa anaimba kwa chini njia nzima na mimi sikumsikia.

Kilosa tulimkuta daktari kijana, mgeni kituoni. Nilijiandaa kubishana, nimepanga maneno kama mtu anayekwenda baraza la wazee. Hakunibishia. Alishika mkono mwenyewe, akahesabu, akapata sitini na moja, akaenda mbio kwenye simu. Alirudi amelowa jasho. Dar kuna daktari mgeni kutoka ng'ambo, amekuja kufundisha, na katika mizigo yake analo kasha la mashine chache. Anaondoka mwisho wa wiki. "Mnaweza kupanda treni ya leo?" aliniuliza. Nikamjibu tunaweza, na mimi sijawahi kupita Morogoro maishani mwangu.

Ndani ya treni mzee alibadilika. Nilidhani atafurahi, amerudi relini. Mpaka Kimamba alijitahidi, alichungulia mashamba ya katani, akalaani namna vijana wa siku hizi wanavyokaza boliti. Baada ya hapo alinyamaza. Mama Nesi, hujawahi kumwona amenyamaza, nami sikuwahi. Kisha ikaja kwikwi. Moja, halafu nyingine, na mimi niko na maneno ya yule nesi wa Nairobi kichwani. Nikampa maji. Nikaweka kiganja juu ya kovu, halikuwa na joto. Ikakoma yenyewe, labda ilikuwa ni ule muhogo mkavu tu, lakini sikuondoa kiganja changu mpaka Morogoro.

"Mwantumu," akaniambia, mkewe akiwa amesinzia, "nikizimika humu usiwaambie wasimamishe. Treni haisimami kwa abiria mmoja." Nilitakiwa kusema neno. Wewe ungekuwa nalo. Mimi niliitikia tu, "Ndiyo, mzee," kama mwanafunzi, nikaendelea kuhesabu.

Sitakueleza Dar. Ni watu wengi na hakuna anayekuamkia. Hospitali walitupokea vizuri, wakamwosha, wakampiga picha ya kifua, na daktari mgeni akaja na nesi wa pale anayetafsiri. Akaeleza: watampa ganzi ya hapo kifuani tu, atakuwa macho. Watachomoa cha zamani na kuunga kipya kwenye waya uleule. Wakati wa kuchomoa, moyo utabaki peke yake kwa muda mfupi. Alisema muda mfupi, na nesi akatafsiri muda mfupi, na wote wawili hawakusema ni mfupi kiasi gani. Nikauliza kama naweza kukaa karibu na kichwa chake. Waliniangalia. Mzee akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba bila huyu binti haingii. Wakanivisha gauni refu linaloburuza chini.

Pale mezani, chini ya taa, ndipo nilipoona amekata tamaa kabisa. Machozi yalikuwa yanamtiririkia masikioni, na hakuyapangusa, mikono imefungwa kwa vitambaa. Nilipekua maneno yako yote, ya hodi na mwenye nyumba, nikaona hayafai. Alihitaji kutukanwa na mtani wake, na mtani wake yuko chini ya udongo wa Zombo. Mimi pia ni Msagara, lakini tangu nimjue namwamkia shikamoo na kuinamisha macho. Nilijisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Nikainama nikamwambia, "Mnyamwezi gani wewe? Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe umebeba kibati cha kiwi, unalia?"

Alinitazama. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka, akacheka mpaka daktari akasimamisha kisu na kuuliza kuna nini. Nesi hakujua namna ya kutafsiri. "Huyu," mzee akasema, "huyu nikitoka hapa nitamuuza kwa kikapu cha karanga."

Wakaendelea. Nilishika mkono wa kushoto, chini ya kitambaa. Nilisikia wanasema neno, nesi akaninong'oneza, "Sasa."

Chini ya vidole vyangu hapakuwa na mtu.

Sijui niseme nini zaidi. Nilikuwa nimezoea kusikia kitu pale, hata kile cha sitini na moja. Palikuwa patupu kama ukuta. Mzee alikuwa ananitazama, akili zake zote zipo, akaanza kufumba macho taratibu, na mimi nikakuita. Sikumwita Mungu kwanza, ningekudanganya. Nilikuita wewe. Halafu kikaja kimoja. Kikakaa. Kikaja kingine. Halafu vikaanza kuja vimefuatana, vizito, na daktari akapumua nyuma ya kitambaa chake, na mzee akafumbua macho akauliza kama tayari tumefika.

Nilihesabu dakika nzima. Sabini na mbili. Hiki kipya kinapiga sabini na mbili. Nilipomwambia jioni wodini alihuzunika kidogo. "Kijiji kizima kitakuwa kinaniamkia vibaya," akasema.

Tumerudi. Kovu limefunga vizuri, nalitazama kila siku na kila siku naota limevimba. Usifikiri wasiwasi umeniisha. Daktari yule amekwisha rudi kwao na kasha lake. Betri hii nayo ni ya miaka miwili, mitatu, na sijui wakati huo mpaka utakuwa umefunguliwa au la, sijui Dar kutakuwa na kasha jingine, sijui nani atakuwa kwenye simu ya Kilosa. Nalala nikiyapanga hayo, naamka nikiyapangua. Nimeuliza hospitali, wameniambia wataandika kuomba. Nimeshika neno hilo kwa sababu sina jingine.

Na juu ya hilo nimehamishwa. Wananitaka Mikumi, kwenye kituo cha barabara kuu, wanasema magari yanagonga wanyama na watu wanaumia, na nesi hakuna. Ni kweli, wanahitaji. Kuna nyumba ya bati, kuna maji ya bomba, mama yangu amefurahi kana kwamba naolewa. Zombo ataletwa msaidizi mpya ambaye hajawahi hata kusikia kitu kama hiki. Nilitaka kukataa. Niliamua kukataa mara kadhaa, nikiwa nasuka ukili, nikiwa nachemsha sindano. Lakini nikajiuliza, nikikaa, halafu nami nikapatwa na homa ya wiki moja? Wewe ulikuwa na mimi, nami sikutosha. Mkono wa mzee hauwezi kuwa wa nesi mmoja.

Ndiyo maana nimekuwa nikienda kwao kila asubuhi kumfundisha Bi Nyamizi, na safari hii sikumwambia namba. Nilimkataza mtu yeyote kumtajia namba. Nilimpa ile saa, nikamwambia aniletee anachokisikia, hata kama ni ovyo. Siku za kwanza alileta mia na kumi, akaleta hamsini, mara akalia. Alikuwa anaona haya. Miaka yote ya ndoa hajawahi kumshika mume wake mkono mchana, uani, watu wakipita. Mzee naye anamharibia kwa makusudi, anajikohoza, anamwambia amekosea, arudie, mpaka nimemtisha kwamba nitamshitaki kwa wenye reli.

Leo asubuhi nimewakuta barazani. Bi Nyamizi amekaa kwenye kigoda, vidole vitatu juu ya mkono wa mume, saa iko pajani. Nikaingia kimya, nikaushika mkono wa pili wa mzee, nikitazama saa yangu. Tulikuwa katikati ya kuhesabu akapita wifi yake, yule dada mkubwa wa mzee, ambaye hata wewe ulimnyenyekea. Amevaa kanga mpya, anakwenda kwenye mkutano. Akasimama pale mbele yetu, akangoja shikamoo yake.

Bi Nyamizi hakumpa. Hakuinua hata macho. Nilimwona wifi anavyovimba, nilimwona mzee anaanza kufungua mdomo aokoe hali, nikamfinya. Jirani akapita na jembe, akaamkia, "Mmeamkaje hapo?" Hakuitikiwa. Mtoto akatoa shikamoo zake tatu, zikabaki hewani. Bi Nyamizi anatokwa jasho kwenye mdomo wa juu, midomo inachezacheza, anahesabu. Sijawahi kuona mwanamke wa kijiji hiki akifanya jambo la ujasiri kama lile, la kumwacha mkubwa wake amesimama mbele yake bila salamu.

Mshale ukazunguka. "Sabini na mbili," akasema, akaniangalia mimi. Nami nilikuwa nayo hiyo hiyo. Kisha akainuka, akapiga magoti mpaka chini. "Shikamoo, wifi yangu. Nisamehe. Nilikuwa na mgonjwa mkononi."

Wifi aliitazama ile saa. "Marahaba," akasema. Halafu akaketi kwenye kile kigoda, akanyoosha mkono, akasema naye afundishwe.

Kwaheri, Mama Nesi. Nitakwenda Mikumi wiki ambayo wanawake hawa wawili watakuwa wananipa hesabu ileile bila kuambizana, si kabla ya hapo, na waliotia sahihi uhamisho nimewaeleza hivyo kwa heshima zote. Kutoka huko nitakuja kila nitakapopata gari linaloelekea Kilosa, na nikifika nitashika mkono kwanza, habari za nyumbani nitauliza baadaye. Nakuahidi hivyo. Na kesho kabla ya kazi nitapita kaburini kwako kukung'olea magugu. Mtani wako amesema anakuja nami, ana matusi mapya.

Mwanao,
Mwantumu